Vitu vya Usiku

Nazih aligeuza mtihani wa jiografia wa darasa la nane,
akaandika kwenye upande mweupe, juu kabisa:
VITU VYA USIKU.
"Hiyam, taja. Usifiche kitu.
Betri haidanganywi kama mume."

Nikataja.
Friji, wati mia na hamsini, ila hulala na kuamka,
kwa hiyo tukaihesabia theluthi.
Taa sita, wati tisa tisa. Nikasema tano zinatosha,
stoo nitapapasa.
Feni ya Agosti. Simu tatu.
Pasi? Akanitazama juu ya miwani.
Pasi, birika, mashine ya kufulia:
zote zikahamishiwa zamu ya mchana
kama watoto watundu.

Kisha tukanyamaza,
maana nyuma ya pazia kitu kilikuwa kikinguruma,
kikivuta hewa ya Tripoli, moshi wake na chumvi yake,
kikiichuja, kikimpa mama mkwe iliyobaki.
Wati mia tatu na hamsini. Usiku kucha.
Nazih akazidisha kwa saa kumi na mbili.
Akazidisha tena, huenda kalamu ilikosea.
Elfu nne na mia mbili.

Betri tunayoimudu ina elfu tano, kwenye karatasi.
Toa akiba ya kuilinda isikauke,
toa kinacholiwa na inveta yenyewe:
elfu nne na mia mbili, barabara.
Yaani pumzi yake, na giza.

"Izimeni," ikasema sauti ya nyuma ya pazia
(nani alijua yuko macho?),
"izimeni hiyo mashine, muwashe televisheni.
Nataka kujua kama yule mwanamke ataolewa."
Tukacheka mpaka Nazih akavua miwani.
Lakini hesabu hakuifuta.

Jenereta la mtaa ni la Abu Fawaz.
Hulizima saa sita usiku; lipumzike, asema,
naye hupumzika vizuri.
Ndipo Nazih huamka kufungua mtungi wa oksijeni,
hurudi kitandani mikono ikinuka chuma,
na mimi hujifanya nimelala.

Asubuhi tukapanda paani na chaki.
Paneli sita, zitazame kusini,
zilale nyuzi thelathini na kitu.
Ila kusini kuna tangi la maji la Bi Wadad,
na saa nane mchana kivuli chake
kilikwishatambaa juu ya paneli mbili zisizokuwepo.
Nazih akakizungushia chaki. Saa tisa, akakizungushia tena.
Bi Wadad akatokea na kapu la nguo mbichi:
"Mnachora maiti wa nani kwenye paa langu?"
"Wa jua," akajibu Nazih.
Bi Wadad akatua kapu, akazunguka ile michoro mara mbili.
Tangi litasogezwa hatua nne,
kwa sharti taa ya ngazi iwake hadi mlangoni kwake,
na bomba jipya tulipe sisi.
Nikaongeza taa ya sita. Tukarudi palepale.

Usiku ule, alipolala, niliichukua karatasi.
Chini ya mstari wake wa mwisho nikaandika: betri ya pili.
Kando yake nikaandika kiasi,
kwa dola, si kwa lira,
kiasi kilichokuwa ndani ya kopo la mnanaa mkavu
tangu benki zilipofunga milango,
nauli yangu ya kwenda kwa dada yangu Halifax.

Alikiona akinywa kahawa.
Akasoma, akanusa karatasi.
"Hizi zimetoka wapi?"
"Betri haidanganywi," nikamwambia.
"Mume ni jambo jingine."

Akakaa muda mrefu na kalamu mkononi.
Hakunishukuru, na ningemkasirikia angenishukuru.
Aliuliza tu kama nyaya za milimita sita zitatosha
au zitapata moto kama zile za shuleni,
na fyuzi tuiweke upande gani wa mlango
ili asiyeona vizuri aipapase.

Nyuma ya pazia mashine ikanguruma, ikakohoa, ikaendelea.
"Televisheni," ikauliza sauti,
"mmeiandika?"