Kidole cha Mita Tano

Tulipotafuta picha ya baba ya kuweka juu ya jeneza
tulipindua masanduku mawili na mkoba wa bima.
Harusi zote za Isevya zilikuwemo,
ubatizo, kipaimara,
timu ya reli mwaka ule Mihayo alipovunjika mguu,
mama na tumbo langu, mama na mimi,
mama na gunia la karanga.
Baba hakuwemo.
Alikuwa kwenye nyasi tu, chini ya kila picha,
kivuli chenye viwiko viwili vilivyoinuliwa,
kinaishia karibu na viatu vya watu.

Tukamzika na picha ya kitambulisho,
imekuzwa mpaka muhuri ukatanda shavu zima.

Kwa hiyo usiniulize, Nkwabi, kwa nini fundi redio
anakesha na tundu la kamera.
Lipo ubavuni, dogo,
na ndani mna ndimi tatu:
ya ardhi, ya kulenga, ya kufyatua.
Ardhi ikigusa ya pili, jicho linazunguka, linatafuta.
Ikigusa ya tatu, kacha!
Basi. Hakuna uchawi.
Dukani wanataka laki na nusu,
na hata hivyo hawana, eti subiri mzigo wa Dar.

Pini nimeikata kwenye spika za masikioni
zilizokufa upande mmoja.
Kitufe ni cha kengele ya mlango,
nimekipata kwa mtu ambaye siku hizi habishiwi hodi.
Waya, mita tano, ni wa simu ya zamani ya stesheni.
Umeme ulikatika saa mbili;
nikapasha msumari wa inchi nne kwenye jiko la mkaa
nikalehemu hivyo hivyo, risasi ikitoa jasho la fedha.
Kopo ni la rangi ya viatu.
Gundi sikuwa nayo, nimeziba kwa nta ya Sikonge,
ndiyo maana rimoti yangu inanukia asali
na jana sisimizi walikuja kuikagua.

Mara ya kwanza nilichanganya nyaya.
Kamera ikapiga yenyewe, mfululizo,
picha arobaini na moja za paja langu.

Jumapili nikawapanga uani: mama kitini,
Nyanzala na pacha wake, wewe na shati la kuazima.
Kamera juu ya stuli, stuli juu ya kinu.
Nikaenda kusimama.
Hatua saba tu, na miguu ikasahau kutembea.
Mikono isiyoshika kamera, mtu huiweka wapi?
Mama akasogea, akaacha nafasi
pana kuliko mwili wangu.

Nikabonyeza.

Hiyo hapo. Nyote mnacheka, mnatazama mbele.
Mimi nimeinamisha uso,
nalinda kidole gumba changu kama kuku wa wizi.
Mama anasema imeharibika, tupige nyingine.
Tutapiga.
Hii siifuti.
Tazama chini, pale waya unapokatiza mchanga:
kuna kivuli cha stuli na kinu,
na hakina viwiko.