Fundi Asiyepiga Msumari

Tulianza na miguu.
Ndiyo desturi ya kwetu Tokamachi: vidole kwanza,
kisha miundi, mapaja, mbavu, fuvu mwisho,
marehemu asije akasimama kichwa chini ndani ya mtungi.
Mama na mimi, kila mmoja na vijiti vyake virefu,
mfupa mmoja, mikono ya watu wawili.

Paja la kushoto halikuwapo.
Palikuwa na majivu, vipande kama chaki iliyokanyagwa,
na katikati yake, mzima, mnyoofu,
moto umeupaka buluu inayoelekea dhahabu,
msumari.

Baba yangu Kiyomatsu, seremala,
miaka arobaini hakupiga msumari.
"Msumari," akisema, "ni kukiri kwamba mti umekataa kuongea nawe."
Alichonga ulimi, akachonga tundu,
akazisogeza mbao kwa kiganja, tk, tk,
mpaka zikakubaliana, unywele usipate pa kupita.
Hekalu la bondeni limesimama hivyo.
Mitetemeko mitatu imelipitia ikaenda zake.

Kisha Februari ile. Theluji mita mbili juu ya paa,
yeye na koleo lake, bila kamba
(kamba ni ya wageni).
Tulisikia theluji ikiporomoka. Tukadhani ni theluji.

Daktari Hatakeda, kijana, sauti ya chini:
"Tutaingilia hapa nyongani, tutoboe njia ya uboho,
tuushushe hadi karibu na goti.
Skrubu mbili juu, mbili chini."
Baba, midomo mikavu kwa dawa:
"Mnausukumaje?"
"Kwa nyundo."
"Ya uzito gani?"
Daktari akataja. Baba akafumba macho,
akaipima hewani kwa mkono mtupu.
"Nyepesi," akasema. "Basi msiwe na haraka."

"Msumari hauungi mfupa," tuliambiwa baadaye.
"Unashikilia tu. Mfupa hujiunga wenyewe."
Wiki ya kumi na mbili Baba aliishika picha ya eksirei
akaielekeza dirishani, akaipindua
kama anayetafuta kosa la mwanafunzi:
uvimbe mweupe umeuzunguka ufa,
mnene kuliko mfupa wa zamani.
"Nani kachonga hapa?"
Hakuna aliyemjibu.

Mwaka wa pili wakamwita waung'oe. Hakwenda.
"Kiungo kikishashika hakipekuliwi."
Akaishi nao miaka kumi na tisa.
Paja likiuma alfajiri, jioni theluji;
redio ilikosea, paja halikukosea.
Mama akipita humgonga pale kwa mpini wa mwiko:
"Fundi, upo?"
"Nipo na mwenzangu."

Mhudumu wa tanuri, glavu nyeupe, aliinama.
Msumari ulikuwa mrefu kuliko mtungi.
Mwaweza kuuchukua, alisema, au kuuacha;
vyuma hukusanywa, huuzwa, fedha huingia mfuko wa mji.
"Na mfuko huo hununua nini?" Mama akauliza.
Yule bwana akafikiri. Hajawahi kuulizwa.
"Mengi. Hata magari ya kuondoa theluji."

Mama akacheka, palepale, mbele ya majivu,
shangazi Fusae akatazama sakafu.
"Basi mwacheni aende kazini."

Tuliuinua pamoja, kwa vijiti, kama mfupa.
Ukateleza,
ukaangukia sinia, ukalia mara moja,
sauti ndefu, safi,
iliyokuwa imefunikwa na nyama miaka yote hiyo.

Skrubu moja nilibaki nayo. Sikuomba;
niliifunika kwa kiganja.
Iko mfukoni mwa koti sasa, na theluji haijakoma,
nami niko ngazini, kamba kiunoni.
Ncha nyingine kaishika Mama, kule chini.
Hasemi kitu.
Kila baada ya muda anaivuta kidogo.