Injini Baridi

Nilishika boneti kabla ya kushika mkono wake.
Ilikuwa na joto.
Saa moja asubuhi, Bwera, ukungu haujaachia milima,
na gari "halijawashwa tangu juzi,"
asema Muhindo, mwana wa marehemu.
Sikubishana naye. Nikasema nitalala kwa shangazi,
nitarudi kesho, saa kumi na moja alfajiri.

Ila sikuondoka mikono mitupu.
Rangi nyeupe, mpya, imepuliziwa mpaka kwenye mipira ya vioo:
uzuri wa mkakasi.
Nikatandika leso, nikaingia chini kwa mgongo,
na kwa nyundo ndogo ya fundi Masereka
nikabisha hodi kwenye chesisi.
Ngo, ngo, ngo.
Ngo, ngo.
Pu.
Hapo ndipo chumvi ya Katwe ilipokaa ikala,
miaka kumi na mmoja ya magunia yanayochuruzika.
Kidole changu kiliingia hadi fundo la pili.

"Milioni kumi na tisa," akasema Muhindo.
Nikamwonyesha kidole, chekundu kwa kutu.

Kesho yake boneti ilikuwa baridi kama jiwe la Lubiriha.
Ufunguo ukazungushwa. Kikohozi.
Ukazungushwa tena. Kikohozi kirefu zaidi.
"Plagi mbili zimekufa," Masereka akaninong'oneza.
Mara ya tatu ikashika,
ikatema moshi mweupe, mzito, uani kote,
kuku wakapotea ndani yake.
Moshi mweusi ni ulafi, Masereka hufundisha,
wa bluu ni oili inayoungua,
mweupe usiokoma ni maji: shika njia, nenda.
Tukausubiri ukome
kama watu waliokaa nje ya maabara.
Ukakoma.

Kumi na tatu na nusu.
Kahawa ya misimu miwili na mkopo wa chama
vikahesabiwa juu ya boneti,
ambayo sasa ilikuwa na haki ya kuwa moto.

Nikitafuta jeki chini ya kiti nikapata daftari la shule,
jalada limelainika kwa grisi,
mwandiko umeegemea kushoto:

*Oili, 12 Machi.*
*Chujio la dizeli. Maji mengi. Usinunue tena kwa yule wa Kisinga.*
*Springi ya nyuma, kulia, imeongezwa jani moja.*
*Oili, 9 Juni.*
*Kabugho kajifungua. Usiku, Kagando na kurudi, lita ishirini.*
*Oili,*

na baada ya mkato huo, karatasi tupu.

Nikampelekea Muhindo. Akasoma kwa kusimama,
akarudi mstari mmoja nyuma, akasoma tena.
"Kabugho ni mke wangu," akasema.
Akalifunga, akaniwekea mkononi.
"Liende na gari lake."
Nilikuwa nimeshaingiza gia aliposogea dirishani:
"Jana nililiwasha saa kumi usiku. Nikalizungusha mpaka Mpondwe."
"Najua," nikamwambia.

Chesisi imechomelewa kipande cha reli ya zamani.
Kupanda Kyondo na magunia kumi na mawili
bado linaomba maji mara moja, kwenye kona ya kanisa,
nami nalipa, maana nilijua nilichonunua.

Sikuanza ukurasa mpya.
Baada ya mkato wa mzee niliandika:
3 Septemba. Plagi mbili.
Fanbelti inalia. Iache ilie mpaka Ijumaa.