Safu ya Saba

Cheti changu cha kuondoka jeshini kina jalada la kijani,
kina jina langu, Elkana Mukasia, koplo,
kina kimo changu cha wakati ule, ambacho sasa ni uongo mdogo,
na katika safu ya saba, "Huduma ng'ambo",
mashine ilipiga neno moja: HAKUNA.
Safu ya nane, "Nishani": HAKUNA.
Herufi ya mwisho ilitoboa karatasi.
Ukiinua ukurasa dirishani
jua la Kariobangi linapenya humo.

Miaka ishirini na mitatu sikujali.
Nani husoma cheti cha bawabu?
Nililinda lango la ghala kule Viwandani,
nikiandika namba za malori ya watu
bila kukosea hata moja.
Kisha mjukuu wangu akarudi kutoka shule:
"Babu, mwalimu anataka ushahidi wa theluji."

Nikamwonyesha kidole.
Ncha yake ilibaki Kroashia, baridi ya tisini na tatu,
tulipolinda daraja, mto chini yake umekuwa jiwe,
na kijiko cha bati kikaninasa mdomo.
Akakitazama sana.
"Kidole si karatasi, Babu."

Basi nikapanda hadi ofisi ya kumbukumbu,
Jumanne, Alhamisi, Jumanne tena.
Leta kiapo. Leta picha. Leta mtu aliyekuwepo.
Aliyekuwepo yuko Lodwar na sikio lake moja;
tulipigiana kelele simuni mpaka salio likaisha,
naye akaenda kuapa mbele ya wakili
kwamba mimi ndimi niliyempa soksi.

Nishani ninayo. Hukaa kwenye kopo la Kimbo
pamoja na vifungo, na ufunguo wa mlango nisioukumbuka.
Karani, binti aitwaye Talaso,
aliigeuza kwa ncha ya kalamu.
"Hii ungeweza kuinunua Gikomba, Mzee."
"Ningeweza," nikasema. "Na kidole je?"
Akacheka, akaingia ndani kutafuta faili.

Alirudi hacheki.

Namba yangu inaishia na nne.
Mtu fulani zamani, akiwahi chakula cha mchana,
aliandika tisa.
Ng'ambo yangu, baridi yangu, utepe wangu wa buluu,
vyote vilihamia kwa askari Kithome, mpishi,
ambaye hakuwahi kuvuka Gilgil.
Kithome amekufa. Mjane wake alikuja mwaka juzi
akaomba nakala ya kusomwa mazishini.
Huenda watu walipiga makofi.
Huenda aliyekuwa mkewe
alijiuliza mumewe alisafiri lini.

"Nikiandika kwako, sharti nifute kwake," Talaso akasema.
"Nishani ni moja."
Akageuza fomu, akanionyesha mahali pa sahihi.

Kithome nilimjua.
Maharage yake yalikuwa na mawe, tulimtukana kila siku.
Lakini usiku wa kuondoka alikesha jikoni,
akakaanga mandazi, akatujazia mifuko ya makoti,
na la mwisho nililila siku ya tatu, darajani,
gumu kama kitako cha bunduki,
na bado lilikuwa na iliki.
Iliki ile ina safu gani?

Nikauliza kama mjane ataarifiwa.
"Kwa barua."
"Basi hiyo barua nipe mimi."
Talaso akanitazama kama mtu anayehesabu chenji upya.

Nikatia sahihi. Sitajidai mtakatifu:
niliutaka ule mstari, niliutaka
mpaka mkono ukatetemeka.

Leo ninao. Wino mweusi, muhuri mviringo.
Wameandika "Korashia".
Sikurudi dirishani kuwasumbua.

Na katika mfuko wa pili, bahasha ya Mama Ndunge,
Mlolongo, nyumba iliyo nyuma ya posho mili.
Nitakwenda Jumamosi, na kilo mbili za sukari.
Sijui nitaanza na neno gani.
Labda mandazi.