Paja Lililoning'inia Ofisini

Tulilinunua Alhamisi, mimi na Avelino,
paja zima la nguruwe, kilo saba na robo,
lililokaushwa kwa chumvi na upepo wa milima ya Asturias.
Euro tisini na mbili. Risiti ninayo.
Jumapili, wakati wa mapumziko, lingechezewa bahati nasibu
kama ilivyo kila mechi ya nyumbani tangu mgodi ufungwe:
tiketi mia nne, euro moja moja,
waamuzi wakalipwa, basi likatiwa mafuta,
na Etelvina akapata sabuni ya kufulia jezi.

Jumamosi nchi ikafungwa.

Nikalitundika kwenye msumari juu ya meza yangu,
nikajiambia: wiki mbili.
Wiki mbili! Mtu mzima, mweka hazina wa miaka kumi na tisa,
nikapiga hesabu kama mtoto wa chekechea.

Ligi ikasimama tukiwa wa tatu,
pointi mbili nyuma ya kilele, mechi kumi mkononi.
Xuacu, kiungo wetu, akavua njumu, akavaa barakoa,
akarudi zamu ya usiku kwenye nyumba ya wazee kule bondeni.
Hakuniuliza posho yake ya Machi.
Laiti angeniuliza. Deni la mtu anayenyamaza
halikai daftarini, unakwenda nalo kitandani.

Avelino alitoroka alfajiri kwenda kukata nyasi.
Askari wakamkuta katikati ya uwanja, mashine inanguruma:
Kazi gani hiyo ya lazima, mzee?
Akawajibu: Nyasi hazijasomewa amri.
Faini, euro mia sita na moja.
Akaniletea karatasi yake, ameikunja mara nne,
kama mchezaji anayedai fedha za bandeji.

Kantini ilikufa na mapipa sita ya pombe ya matofaa.
Duka la matairi likaomba bango lake lishushwe ukutani;
mwenye duka alilia kwenye simu,
nikambembeleza mimi ninayemdai.
Haba na haba, wanasema, hujaza kibaba.
Hawajaona kibaba chetu, na tundu lake.

Juni, wakubwa wakarudi kwenye televisheni.
Viti vitupu, na kelele za watu zimepikwa kwenye mashine,
shangwe inapanda, inashuka, haikohoi.
Nikazima sauti.
Sisi huwa mia mbili na kumi na mmoja, na nawajua wote kwa makoo yao.
Nyuma ya goli la kaskazini alikuwa Ceferino,
aliyewatukana washika vibendera kwa adabu,
akiwaita "bwana" kwanza.
Aprili ilimchukua. Watu watatu tu waliruhusiwa makaburini,
wamesimama mita mbili mbili
kama ukuta wa faulo uliovunjika.

Agosti binti yake akabisha hodi,
akaweka euro arobaini mezani: ada ya baba, msimu ujao.
Nikamwambia, Olaya, ada ya nani?
Akasema, kiti chake namba thelathini na saba. Andika tu.
Kisha akatazama juu. Na hilo bado lipo?

Lipo. Limesinyaa, limekuwa gumu kama mpini,
nililipima: kilo sita kasorobo.
Tiketi kumi na nane zilikuwa zimeshauzwa, kwa hiyo siwezi kulila,
wala siwezi kuwarudishia watu kumi na wanane euro zao,
kwa kuwa zilikwenda kwenye umeme.

Alipoondoka nikafungua daftari nimwandike,
nikakuta tone la mafuta limedondoka, sijui lini,
kwenye ukurasa wa Machi, juu ya tarehe kumi na tano.
Karatasi pale imekuwa kama kioo:
ukitazama penye mechi ile unaona hadi ukurasa wa pili,
Aprili,
mistari yake imenyooka vizuri,
na juu yake hakuna kitu.