Mara ya Saba

Mama hakuuliza baridi ilikuwaje.
Aliuliza: "Walikulamba?"
Begi bado liko mlangoni, Mtanda, saa tano asubuhi,
kuta za chokaa zinatoa jasho,
na mimi nimevaa soksi mbili mbili kwa kusahau.

Nikaanzia mbali, kama mtu anayedaiwa.

Nikamweleza Tobioni, yule mhandisi wa gesi
niliyemwendesha miaka minne, Lindi–Likong'o, Likong'o–Lindi,
kwenda kutazama kiwanja ambacho kiwanda hakijafika.
Alipohamishwa alisema, "Mfaume, utakuja kwetu,
zamu hiyo nitaendesha mimi."
Nikadhani ni maneno ya kuagana.
Tiketi ikaja.

Nikamweleza theluji:
unga wa muhogo, Mama, umeanikwa juu ya kila paa
na hakuna anayefukuza kuku.
Jua linachungulia saa sita,
linaona hapafai, linarudi kulala.

Nikamweleza gari lisilo gari:
mbao mbili za kuteleza, mti wa kushikilia,
nanga ya chuma iliyochomekwa kwenye theluji.
Mimi, miaka ishirini na mbili barabarani,
nilitafuta klachi kwa mguu wa kushoto, nikakanyaga hewa.
Mbele yangu mbwa wanane wamefungwa wawili wawili,
wanabweka, wanaruka, wanang'ata kamba,
kelele za mnada wa korosho bei ikitajwa ndogo.
Kisha Tobioni akang'oa nanga, akatamka neno kama chafya,
na wote wakanyamaza.
Wote, Mama. Zikabaki pumzi na miguu.
Kumbe hawakuwa wakali. Walikuwa wanaomba ruhusa.

Tena walivaa viatu.
Vinne kila mmoja, vya kitambaa chekundu.
Mimi nilivaa vya kwanza darasa la tano.

Mama akasonya. "Sijauliza viatu."

Nikamweleza msitu, miti imeinama kwa mzigo
kama wachukuzi wa ghalani;
usiku, na mbingu ya kijani inapepea
kama kanga iliyosahauliwa kwenye kamba.
Akakohoa. Kikohozi hicho nakijua tangu utoto.

Basi.
Wa mbele kushoto alikuwa jike, mkongwe,
sikio moja limechanika, macho mawili rangi mbili.
Jina lake Siri.
Kwao ni jina la binti tu, halifichi kitu.
Tulipofika kibandani vidole vyangu vilikuwa vimekufa,
glovu nimevua nifungue fundo, fundo limeganda.
Siri akaja, akanusa,
akaanza kunilamba kidole kimoja kimoja,
taratibu, kama anayehesabu.
Katika nchi ile nzima
ulimi ule ndio uliokuwa na moto.
Sikuuvuta mkono.

"Ukaosha?"

Nikaosha. Theluji ya kuyeyusha sufuriani, mara sita.
Moja inataka udongo, na udongo, Mama,
uko chini kabisa, mgumu kama sakafu ya benki.
Nilikung'uta begi. Nikakung'uta kiatu
nilichoondoka nacho hapa.
Ikatoka punje moja, nyekundu.
Sikujua punje moja inahesabiwaje.

Mama hakujibu. Alichota kopo la maji,
akaniashiria uani, kwenye mchaichai,
akainama, magoti yake yakalia,
akafukua kwa kucha, akanipaka mwenyewe
kidole kimoja kimoja,
taratibu.
Kisha akamwaga maji, na wala hakuhesabu kwa sauti.
"Huyo Siri," akasema akijifuta mikono,
"wanampa nini cha kula?"

Kesho yake nilipita kwa wauza samaki.
Kuna mbwa pale, rangi ya mchanga, hana mwenyewe,
watoto humtupia vifuu.
Akanitazama kwa mbali, amejiandaa kukimbia.
Nikalitamka lile neno, chini chini,
nione tu.
Akasimamisha masikio.

Muuza dagaa akainua uso kutoka kwenye mizani:
"Afya, Mfaume."