Ua

Kidude nilikinunua kwa fundi Mwambire, Maweni.
Kioo kina ufa, menyu yote Kiitaliano;
mwenye nacho alirudi kwao akaacha deni la pango.
Napapasa. Nabonyeza. Nafuta kwa makosa
sauti alizopanga mtu nisiyemjua.

Kanyagio kwanza lipimwe:
kisigino chini, bonyeza; vidole chini, bonyeza.
Nilisahau kuvua ndara, likapima ndara.
Narudia, mguu mtupu.

Waa naitanguliza, mkwaruzo unafuata.
Nilipojaribu kinyume chake, ilinguruma
kama jenereta la hoteli umeme ukikatika.
Ncha ya chini naipandisha kidogo,
ya juu naishusha, nusu ya nusu,
isije ikawatoboa masikio
wanaokula kamba kwa ndimu Jumamosi.

Kisigino: u.
Vidole: a.
Polepole sasa, bila kuacha uzi:
u… a.

Ng'ambo ya makuti Bi Thureya anaacha kufua.
"Ua gani hilo, Nyevu? La asumini,
au waniamuru niue mtu?"
"Ni huu ua wenyewe, Bi Thureya,
huu uliotutenga mimi na wewe."
Kimya. Maji yanamwagwa.
"Basi lifanye lile la asumini,
tena usilikanyage kwa hasira."

Naachia goti. Nalegeza kifundo.
Linafunguka, si kwa ghafla,
linafunguka,
na noti moja ya waya wa pili
inakaa mdomo wazi mpaka namwonea haya jirani.

Nafasi ya ishirini na tatu nafuta jina la mgeni,
naandika herufi mbili.
Mguu umekufa ganzi.